Wewe si Bart, na Baba Yako si Homer



Siku hizi kuna mchezo mmoja wa maswali unaopita katika simu, toka mkono hata mkono, na vijana wengi wanaupenda. Mtu anaulizwa maswali saba au kumi. Ukiamka asubuhi, unafanya nini kwanza? Rafiki yako akikukosea, unanyamaza au unafoka? Siku ya mtihani moyo wako ukoje? Unapenda chakula gani? Anajibu kwa kidole, na mwishoni simu inamwambia yeye ni nani. Haimtajii jina alilopewa na wazazi wake. Inamtajia jina la mtu wa kichekesho cha televisheni: "Wewe ni Homer." "Wewe ni Lisa." Anacheka, anawapelekea rafiki zake jibu lile, nao wanajaribu kwa zamu yao. Kesho yake wanaanza kuitana kwa majina hayo, kana kwamba ni majina ya ukoo.

Watu wengine wataniambia: "Mwalimu, waache watoto wacheze. Kuna ubaya gani?" Nawajibu mara moja: sina ugomvi na kucheka. Nyumba isiyo na kicheko ni nyumba yenye ugonjwa. Wala sina ugomvi na baba, mama na watoto wanaokaa pamoja jioni kutazama kichekesho cha jamaa, kazi za siku zikiisha. Ugomvi wangu ni juu ya neno moja dogo sana, neno "ni". Mtu akisema, "Jana nilifanya kama Homer," amesema neno la akili. Amejipima, na kesho aweza kufanya vingine. Lakini akisema, "Mimi ni Homer," amejifungia mlango kwa ndani. Neno hilo ndilo ninalolipinga leo. Na kwa kuwa kupinga bila sababu ni kelele tu, nitazitoa sababu zangu moja moja.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Vichekesho vya jamaa ni vingi, nami nachagua kimoja kinachojulikana duniani kote, The Simpsons cha Marekani. Ni picha za kuchorwa. Jamaa hiyo ilionekana mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 1987, katika vipande vifupi ndani ya kipindi cha mama mmoja mchekeshaji, Tracey Ullman. Tarehe 17 Desemba 1989 ikapata kipindi chake yenyewe, na hadithi zilizotolewa tangu siku ile zimepita 750. Baba ni Homer, mfanyakazi wa kiwanda cha umeme wa nyuklia katika mji wa Springfield: mvivu, mlafi, mwepesi wa hasira, lakini anampenda mke wake. Mama ni Marge, mvumilivu kupita kiasi. Bart ni kifungua mimba, mtundu wa kwanza katika shule yake. Lisa ni binti mwenye akili, mpiga saksofoni. Maggie ni mtoto mchanga, anayenyonya chuchu ya mpira mchana kutwa.

Aliyewabuni ni Matt Groening. Alipotafuta majina alichukua yale ya nyumbani kwao: baba yake aliitwa Homer, mama yake Margaret, na dada zake wawili Lisa na Maggie. Jina la Bart alilipata kwa kupanga upya herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto mkorofi. Sasa angalieni jambo hili. Homer Groening, yule baba wa kweli, alikuwa mtengenezaji wa filamu na mchora katuni, mtu wa kazi na wa ubunifu, aliyelea watoto watano. Jina lake likaenda kuvishwa mtu wa kuchorwa anayelala kazini. Basi, kama hata mtu aliyetoa jina lake hakuwa Homer wa kichekesho, wewe uliyejibu maswali kumi ukingojea gari utakuwaje yeye?

Neno la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: mtu wa kichekesho ameundwa kusudi asibadilike. Si kwamba amekosa nafasi ya kubadilika; amekatazwa. Kichekesho cha kila juma ni kama mama anayeuza maandazi penye njia. Wateja wanarudi kwake kwa sababu wanajua watakayoyakuta. Watazamaji nao wanarudi kwa Homer kwa sababu wanajua watamkuta mlafi yule yule, kwa Bart kwa sababu watamkuta mtundu yule yule. Kosa la mtu wa kichekesho ndilo mtaji wa mwenye kichekesho. Siku Homer atakapotubu kweli, akaacha uvivu na pombe, biashara imekwisha. Ndiyo maana waandishi wanaanza hadithi na amani nyumbani, wanaleta taabu katikati, halafu kabla ya nusu saa kwisha wanarudisha kila mtu mahali alipokuwa. Juma lijalo wanaanza tena kana kwamba hakuna aliyejifunza neno.

Nitoe mfano. Tarehe 11 Oktoba 1990 ilionyeshwa hadithi ya Bart kushindwa masomo. Ameshindwa mtihani mara kwa mara, na sasa anaambiwa kwamba akishindwa tena atarudia darasa. Mtoto anaogopa kweli. Usiku anapiga magoti, anaomba apewe siku moja zaidi ya kusoma. Asubuhi theluji imefunika mji, shule imefungwa. Wenzake wanacheza nje, yeye anajifungia na vitabu. Anafanya mtihani, na bado anakosa alama moja. Hapo analia machozi ya kweli, kwa sababu safari hii alijitahidi. Katika kulia kwake anajilinganisha na George Washington, jinsi alivyoshindwa na Wafaransa mwaka 1754, jambo alilolipata katika kusoma kwake. Mwalimu wake anashangaa, anamwongezea alama moja, naye anapita. Baba yake anaibandika karatasi ile kwenye friji.

Hadithi nzuri, nani asemaye hapana? Mzazi yeyote aliyeitazama aliguswa. Lakini juma lililofuata Bart alikuwa wapi? Pale pale. Machozi yale hayakumfundisha kitu, maana waandishi hawakumruhusu afundishike. Mwaka 1989 Bart alikuwa mtoto wa miaka 10, na hata leo ni mtoto wa miaka 10, katika darasa lile lile la nne. Mtoto wa kweli aliyetimiza miaka 10 pamoja naye mwaka 1989 alitimiza miaka 40 mwaka 2019. Labda ameoa, amezika wazazi, ana kijana wake mwenyewe wa miaka 10. Hata sauti ya Bart si ya mtoto. Ni ya mama mmoja, Nancy Cartwright, aliyezaliwa mwaka 1957. Yeye amekuwa mzee, Bart hakui. Sasa niambie, kijana: wataka kupimwa urefu kwa kusimama karibu na mtu asiyekua?

Neno la pili. Utasema, "Lakini Mwalimu, jibu lile lilinifaa kabisa. Kila neno lilikuwa kweli." Najua. Na hilo ndilo linalonitia shaka. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia. Baada ya siku chache akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo ya tabia yake, akawauliza: maelezo haya yanakufaa kadiri gani, toka 0 mpaka 5? Wakaandika alama zao, na wastani ukawa 4.26. Karibu wote waliona kwamba wamesomwa mpaka ndani ya moyo. Ndipo akawafunulia siri. Karatasi zote zilikuwa sawasawa, neno kwa neno! Tena maneno yenyewe, sehemu kubwa, aliyaokota katika kitabu cha unajimu kilichouzwa kwenye kibanda cha magazeti. Yalisema kwamba mtu ana haja ya kupendwa na wengine, na kwamba ana uwezo ndani yake ambao hajautumia. Nani asiyekuwa hivyo? Ni kama kofia kubwa: kila kichwa kinaingia.

Majibu ya maswali ya simuni yanashonwa kwa namna ile ile. Atakayeitwa Homer ataambiwa kwamba anapenda chakula na starehe, lakini moyo wake ni mwema na anawapenda watu wake. Atakayeitwa Marge ataambiwa kwamba anavumilia na anaishika nyumba nzima. Ni sukari tupu. Wenye kutazama kichekesho wanajua kwamba kwa miaka mingi Homer alikuwa akimkaba Bart koo, na watu wakacheka, kwa sababu shingo ya mtoto wa kuchorwa haivunjiki. Mbona jibu la simu halisemi, "Wewe ni baba anayemkaba mtoto wake"? Kwa sababu jibu la namna hiyo hutawapelekea rafiki zako, na mwenye maswali anataka uwapelekee. Basi amekuondolea uchungu wote wa kweli, akakuachia utamu. Kioo kinachoonyesha uso mzuri tu si kioo. Ni picha ya kubandika.

Neno la tatu linapita yale mawili. Hata mtu akichagua mwenyewe, bila simu, yule anayefanana naye katika kichekesho, mara nyingi hachagui kwa ukweli. Anachagua kwa mapenzi yake. Huko Marekani, toka mwaka 1971 mpaka 1979, kulikuwa na kichekesho kingine cha jamaa, All in the Family. Baba wa nyumba, Archie Bunker, alikuwa mtu wa kudharau watu weusi, wageni, Wayahudi, na kila asiyefanana naye. Mkwe wake Mike alikuwa akibishana naye mezani. Mwenye kukitengeneza, Norman Lear, alikusudia watu wamcheke Archie, waone upumbavu wa dharau, kisha wajitazame. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Neil Vidmar na Milton Rokeach, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kati ya vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Waliona nini? Waliona kwamba wenye dharau nyingi mioyoni walimpenda Archie zaidi, na waliona kwamba katika mabishano yale Archie ndiye aliyeshinda. Kichekesho kilichotengenezwa ili kiwaaibishe kimewapa bendera ya kupeperusha!

Wazee walisema: nyani haoni kundule. Mtu aliyeumwa na ugonjwa wa kudharau wenzake alimtazama mgonjwa mwenziwe, akasema, "Tazama, mtu mzima na akili zake!" Hakujijua kwa njia ile. Alijithibitisha tu katika kosa lake. Basi tusidanganyane kwamba kujilinganisha na watu wa televisheni ni shule ya kujijua. Yaweza kuwa shule ya kujisifu.

Neno la nne ndilo linaloniuma zaidi, maana linahusu wale wasiochagua. Kuna wanaojipa jina la kichekesho, na kuna wanaopewa kwa nguvu. Katika The Simpsons mna mwenye duka aitwaye Apu, Mhindi aliyehamia Marekani. Sauti yake ya Kiingereza cha kuchekesha ilifanywa na Hank Azaria, ambaye si Mhindi. Mwaka 2017 mchekeshaji Hari Kondabolu, aliyezaliwa New York na wazazi wa Kihindi, alitengeneza filamu iitwayo The Problem with Apu. Humo yeye na waigizaji wenzake wenye asili ya Bara Hindi walieleza jinsi jina lile lilivyowafuata tangu utoto. Mtoto alikwenda shuleni na jina lake, wenzake wakamwita Apu, wakaiga ile sauti, wakacheka. Baba yake labda alikuwa daktari au mwalimu, haikusaidia kitu. Katika macho ya darasa alikuwa mtu wa kuchorwa. Mwaka 2020 Azaria alitangaza kwamba hataifanya tena sauti ile, na mwaka 2021 akaomba msamaha hadharani. Alifanya vema. Lakini watoto walioitwa Apu katika miaka ya 1990 walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Sasa twende nyumbani kwetu, maana simu zimefika huko pia. Mzazi asiyejua kwamba anafanya kosa anasema mbele ya wageni: "Huyu ndiye Bart wetu." Wageni wanacheka. Mtoto anacheka pia, kwa sababu ana haya. Mara ya pili anasikia tena. Mara ya kumi amelizoea. Akivunja sahani, watu wanasema, "Bart!" Akipata alama mbaya, "Bart!" Siku moja anapata alama nzuri, na hakuna anayejua aseme nini, maana jambo hilo halimo katika mchezo. Ndipo mtoto anafahamu kazi aliyopewa katika nyumba ile. Yeye ni wa kuchekesha na kushindwa. Akili ni ya dada yake, aitwaye Lisa. Naye dada amefungwa vile vile: hana ruhusa ya kukosea hata siku moja. Watu husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kwa jina la kosa lake, kosa hilo litakua pamoja naye, na wewe ndiwe uliyelimwagilia maji.

Msidhani kwamba nabuni. Mwaka 1990, kichekesho kilipokuwa kipya, huko Marekani fulana za Bart ziliuzwa kwa mamilioni. Moja yao ilimtangaza Bart kuwa mtoto anayeshindwa masomo na kujivunia kushindwa kwake. Shule kadhaa zilikataza wanafunzi wasiivae. Watu waliwacheka wakuu wa shule zile, wakasema hawajui utani. Mimi nawaelewa. Mtoto aliyepata alama mbaya ana njia mbili mbele yake: kusikitika na kujaribu tena, au kujivunia. Fulana ile ilimwonyesha njia ya pili, tena kwa jina la mtoto ambaye waandishi wake hawatamwacha afaulu.

Sasa nijibu hoja za wenye kunipinga, maana wana akili nao.

Wa kwanza atasema: "Ni mchezo tu, haudhuru mtu." Je, unamjua anayekuuliza? Mwaka 2014 ndani ya Facebook kulikuwa na programu ya maswali ya tabia. Watu wapata 270,000 waliyajibu. Programu ile haikuchukua habari zao tu, ilichukua na habari za rafiki zao, ambao hawakuulizwa neno. Mwaka 2018 ulimwengu ulipata kujua kwamba habari za watu wapata milioni 87 huenda zilifika kwa Cambridge Analytica, kampuni iliyofanya kazi ya kampeni za siasa. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5 kwa kutolinda siri za watu wake. Sisemi kwamba kila maswali ya Homer na Lisa ni mtego. Nasema kwamba mtu anayekuuliza bure unaogopa nini na unapenda nini, yafaa umwulize naye anataka nini.

Wa pili, aliyesoma kidogo, atasema: "Tangu zamani watu wamepangwa kwa tabia. Galeno, mganga wa karne ya pili, hakufundisha kwamba kuna watu wa namna nne, wa damu, wa nyongo ya njano, wa nyongo nyeusi na wa kohozi?" Kweli, alifundisha, na elimu ya tabia nne ilidumu miaka mingi sana, ingawa madaktari wa leo wameiacha habari ya nyongo na kohozi. Lakini angalia ilivyotumiwa. Mganga aliyemwambia mtu, "Wewe una nyongo nyingi," alikuwa na neno la kuongeza: kula hiki, acha kile, tuliza hasira. Alitaja tabia ili aanze kuitibu. Simu inataja tabia, kisha inakuaga. Na kabla ya Galeno, Mgiriki Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika picha za watu 30 wenye kasoro: mwenye kujipendekeza, bahili, mwoga, mwenye maneno mengi. Hakuna aliyealikwa achague mojawapo na kuivaa kifuani. Msomaji alialikwa aone haya.

Wa tatu atasema: "Na hadithi zetu je? Bibi alitusimulia habari za Sungura na Fisi." Hoja njema, na ndiyo inayonisaidia zaidi. Bibi aliposimulia jinsi Fisi alivyofuata harufu mbili za nyama katika njia panda mpaka akapasuka, alimaliza kwa kuuliza nini? Hakuuliza, "Nani kati yenu ni Fisi?" Alisema, "Angalieni msiwe kama Fisi." Fisi alikuwa pale ili akimbiwe. Na mjukuu mlafi alinyamaza katika giza, akajua mwenyewe kwamba ameambiwa, wala hakuna aliyemwita Fisi mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo hekima ya wazee: hadithi ilimwacha mtoto na jina lake, ikamwonyesha njia asiyopaswa kuifuata.

Wa nne ni mtu wa heshima, naye atasema: "Basi tuchague jamaa nzuri ya televisheni, tufanane nayo." Hata Rais George Bush, baba, alijaribu njia hiyo. Mwezi wa Januari 1992 alisema katika hotuba kwamba jamaa za Marekani ziwe zaidi kama Waltons na pungufu kama Simpsons. Waltons walikuwa jamaa ya kipindi cha miaka ya 1972 mpaka 1981, watu wa mlimani Virginia, wenye kupendana katika shida ya fedha ya miaka ya 1930. Siku chache baadaye Simpsons walionyeshwa wakimsikiliza Rais, naye Bart akajibu kwamba wao wanafanana na Waltons kabisa, maana nao wanaomba shida ya fedha iishe. Mtoto wa kuchorwa alimshinda Rais kwa neno moja! Alimkumbusha kwamba jamaa ya kweli haina haja ya kuonyeshwa kioo cha wengine. Ina haja ya kazi, ya mkate, na ya watu wanaotazamana wenyewe.

Basi tufanye nini? Tuzime televisheni? Hapana. Cheka. Cheka na Homer, mhurumie Marge, mshangilie Lisa. Lakini ukitaka kujijua, usiiulize simu ambayo haijakaa nawe hata siku moja. Muulize mke wako, aliyekuona ukirudi bila mshahara. Muulize ndugu yako mliyegawana naye mali ya marehemu. Muulize mwenzako wa kazi nani hubaki nyuma kufunga mlango. Hao wana majibu, na si ya sukari tupu. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Wao wameviona vitendo vyako.

Na kama watoto wameupenda mchezo huo mno, ninyi wazazi msiwafukuze. Ugeuzeni. Jioni moja ya juma, baba na amwulize mtoto wake bila hasira: "Juma hili, ni lini nilifanya kama Homer?" Mtoto atasita, kisha atasema. Labda atasema, "Jumatatu, ulipokula nyama ya mama aliyekuwa bado shambani." Baba asimkaripie. Naye amwambie mtoto: "Wewe ulifanya kama Bart siku ya Jumatano, lakini Alhamisi ulifanya kama Lisa, ulipomsaidia mdogo wako hesabu." Juma lijalo waulizane tena, waone kama majibu ni yale yale. Katika mchezo huo majina yanatoka kwa mtu hata mtu, hayamgandi yeyote. Hakuna anayeambiwa "wewe ni". Kila mmoja anaambiwa "ulifanya", na aliyefanya aweza kufanya vingine.

Baba wa kuchorwa hana juma lijalo. Atakuwa mlafi mpaka siku wenye kipindi watakapochoka kumchora. Wewe, baba msomaji, Jumatatu ijayo unaweza kumwachia mama nyama yake. Fanya hivyo kwanza, halafu mtoto wako mwenyewe atakuambia kama ulikuwa Homer.